Posho ya Sirikali na Maskini wa Kitui na Makueni

Siku chache baada ya Ramadhani kulizuka katika darsa yetu majadiliano ambayo hatukuyakusudia. Tulikuwa tukisoma mlango wa mgawanyo wa zaka, na tulipofika kwenye tafauti baina ya fakiri na maskini, mmoja wa wenzetu, naye ni mfanyaji biashara aliyezoea kupeleka mizigo bara, alisema kwamba mas-ala haya siku hizi yamekwisha, kwa kuwa Sirikali yenyewe yawalipa wazee na mayatima na walemavu kila mwezi, na kwamba amewaona kwa macho yake, huko Kibwezi na Mutomo, wamepanga safu wakingojea pesa zao. Mwengine akamjibu kwa ukali kuwa pesa hizo hazina kheri. Zawafanya watu wavivu, na mtu akipewa pasina kutoka jasho husahau jembe lake. Usiku ule tulichelewa kufunga kitabu. Na kwa kuwa maneno haya mawili twayasikia pia barazani na madukani, tumeona yafaa tuyaandike humu na kuyapima, yepi yamesemwa kwa insafu na yepi kwa mazowea tu.

Kwanza khabari zenyewe, kwani wengi wetu twabishana juu ya jambo tusilolijua mwanzo wake. Posho isemwayo ndiyo hii iitwayo Inua Jamii. Ilianza kidogo kidogo mwaka 2004 kwa nyumba chache zenye mayatima. Baada ya miaka michache wazee wakatiwa, na mwaka 2011 wakatiwa wenye ulemavu mzito. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila mtu aliyetimiza miaka 70 na asiyekuwa na pensheni, bila ya kuulizwa kama anacho au hana. Kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na waipokeao nchi nzima wamepita milioni moja. Nayo si hisani ya mtu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeitaja hifadhi ya jamii kuwa ni haki ya kila mtu, na imeilazimisha dola kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea.

Msomaji atatuuliza, kwa nini Kitui na Makueni, nasi tuna maskini wetu Kwale na Kilifi? Jawabu yetu ni kwamba mwenzetu alisema juu ya huko. Na pia kwamba watu hao si wa mbali kama tunavyojifanya. Tangu zama za pembe za ndovu misafara ya Wakamba ikishuka Mombasa, na kila tupandapo basi kwenda Nairobi twapita ardhi ya Makueni, kuanzia Mtito Andei mpaka mji uitwao Sultan Hamud, ambao jina lake ni la Sultani wa Unguja. Kitui imepakana na Tana River na Taita Taveta. Na Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kwenda Nairobi kukataa kunyang'anywa ng'ombe wao na sirikali ya Kiingereza, alihamishwa akatiwa kizuizini Lamu. Pojo tunazozipika na maembe tunayoyanunua sokoni, sehemu yake si ndogo yatoka huko. Mwenye kutwambia kuwa hao si jirani zetu na atwambie jirani ni nani.

Hisabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kitui watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Uchunguzi wa Sirikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika kila watu mia wa Kitui, arubaini na saba na zaidi walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Makueni walikuwa kiasi cha thalathini na tano, ambayo ni karibu na hali ya nchi nzima. Tafauti hii baina ya wilaya mbili za kabila moja, zenye mvua haba zote mbili, yataka kuzingatiwa, nasi tutairejea.

Sasa tuanze na neno la uvivu, kwa sababu ndilo lipendwalo zaidi na watu walioshiba. Sisi hatukulikataa papo hapo; tulitaka kujua kama lina ushahidi. Baina ya mwaka 2007 na 2011 wataalamu walizifuata nyumba zilizopokea posho ya mayatima na nyumba nyengine mfano wake zisizoipokea, katika wilaya kadhaa, na Kwale yetu ikiwa mojawapo. Walichokikuta ni kwamba nyumba zilizopokea zilikula vizuri zaidi, watoto wao wakubwa waliingia zaidi katika skuli za sekondari, na wasichana walichelewa zaidi kushika mimba. Nyumba ndogo, na zile zinazoongozwa na wanawake, ziliongeza mbuzi na kuku. Ulevi haukuongezeka, wala watu wazima hawakuacha kazi zao. Hayo ndiyo yaliyoonekana. Mtu akisema kinyume chake yampasa alete alichokiona, asilete alichokisikia kwa dereva.

Na hata tusingekuwa na uchunguzi huo, uvivu ni neno la ajabu kuwatupia watu wa Ukambani. Wale waliosafiri huko wameona milima iliyokatwa ngazi ngazi kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Ngazi hizo, ambazo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, zajulikana mpaka nje ya Kenya kwa jina la Kiswahili, fanya juu. Zilichimbwa kwa mikono, na nyingi zilichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani watu wa kijiji waendao kwa zamu katika shamba la kila mmoja wao. Huko Kitui, wananchi kwa msaada wa jumuiya moja yao iitwayo SASOL wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu: ukuta hujengwa kukata mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga yasikauke kwa jua. Watu waliofanya hayo si watu wa kulala. Umaskini wao una sababu nyengine, na iliyo kubwa ni mvua ambayo huja siku chache kwa mwaka na miaka mengine haiji kabisa. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022 misimu mitano mfululizo iliharibika katika sehemu nyingi za nchi kavu, na Kitui ikiwamo.

Walakini kulikataa neno la uvivu si kulikubali neno la mwenzetu wa kwanza, kwamba mambo yamekwisha. Hapa ndipo tulipokaa zaidi.

Shilingi 2,000 ni kitu gani? Uchunguzi ule ule wa mwaka 2015/16 ulikadiria kuwa mtu mzima mmoja wa shamba yamlazimu apate shilingi 3,252 kwa mwezi ili atoke chini ya mstari wa umaskini. Maana yake ni kuwa posho hiyo, hata kwa bei za wakati ule, haikumtosha mzee mwenyewe peke yake; na ni mzee gani wa Mutha au Ikutha alaye peke yake? Mara nyingi ana wajukuu watatu au wanne ambao wazazi wao wako Nairobi au wako kwetu Mombasa. Kisha kiasi hicho kimesimama pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, hali bei ya unga na mafuta haikusimama. Elfu mbili ya leo si elfu mbili ya mwaka 2012. Jina ni moja na noti ni zile zile, lakini kibaba kimepungua.

Tena pesa zenyewe huchelewa. Miezi hupita, kisha hulipwa kwa pamoja. Mtu mwenye mshahara aweza kudhani hilo ni jambo jepesi, kwani mwisho wa yote mzee amelipwa haki yake. Lakini maskini hali kwa mkupuo. Katika miezi ya kungojea hukopa kwa mwenye duka, na mwenye duka hupanga bei ya mkopo atakavyo. Hata siku pesa zifikapo huwa si zake tena. Na nchi yenyewe ni pana, Kitui ina kilomita za mraba zipatazo thalathini elfu, kwa hiyo sehemu ya posho huliwa na nauli ya bodaboda kabla mzee hajaishika. Wapo ambao mashine ilikataa alama za vidole vyao, kwa kuwa miaka ya jembe imevisugua. Wapo ambao umri wao uliandikwa katika kipande kwa kukisiwa, wakapunguzwa miaka ambayo migongo yao yaijua. Na wapo waliotimiza miaka 70 baada ya ule uandikishaji mkubwa, wakangoja miaka mpaka daftari likafunguliwa tena. Haki ambayo yategemea daftari ni haki kweli, lakini ni haki yenye mlango, na mlango una bawabu.

Juu ya hilo la kumpa kila mzee bila ya kumchuja, wenzetu wengine waliona ni israfu, kwani tajiri naye atapata. Sisi twaona kinyume chake. Mahali ambapo karibu nusu ya watu ni maskini, kazi ya kumchagua fulani na kumwacha fulani ina gharama zake, na gharama kubwa kuliko zote ni hishima. Mtu husimamishwa mbele ya baraza la chifu, wakaulizwa majirani kama kweli hana kitu. Wako maskini wasiokubali kusimama hapo, wajizuiao kuomba hata mtu akawadhania wana uwezo, na hao ndio wanaostahiki zaidi. Na mwenye kuchagua ana ndugu zake na ana mahasimu zake. Afadhali tajiri mmoja apate elfu mbili asizozihitaji kuliko fakiri mmoja kukosa kwa haya.

Tuje sasa kwenye kitabu tulichokuwa tukikisoma, kwani ndani yake tulikuta kipimo ambacho hatukukitarajia. Fakiri apewe kiasi gani? Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba apewe kitakachomtosha mwaka. Ya pili, nayo ndiyo aliyoipa nguvu na kuinasibisha na Imam Shafii na walio wengi, ni kwamba apewe kitakachomtosha umri uliobakia kwa kawaida ya watu, anunue kwacho milki aishi kwa pato lake. Wenye kusherehi wameeleza zaidi: mwenye ufundi hupewa vyombo vya kazi yake, na mfanyaji biashara hupewa rasilmali. Hatuyataji haya kusema kuwa posho ya Sirikali ni zaka, maana si zaka, na watu wengi wa Kitui na Makueni ni Wakristo. Twayataja kwa sababu yatuonyesha swali lenyewe lilivyo. Swali si kama maskini amepewa; swali ni kama ametoshelezwa, na kama kile alichopewa kitamwacha mwakani mahali pale pale alipokuwa mwaka huu.

Kwa kipimo hicho, Inua Jamii yazuia mtu asizame, lakini haimvushi. Hili si jambo la kudharauliwa. Mzee wa miaka 80 hatuwezi kumpa jembe na kumwambia ajitegemee. Yeye haki yake ni kulishwa, basi, na kwake yeye posho ndiyo dawa yenyewe iliyo sawa, ila kipimo chake ni kichache. Lakini ile nchi anayoishi, na wale wajukuu zake, hawatoki kwa posho yake.

Wakamba wenyewe wana elimu ya jambo hili kuliko sisi, nayo imo katika majina ya njaa zao. Ile kubwa ya mwaka 1897 hadi 1899, iliyotokea wakati reli ikipita katika ardhi yao, waiita Ngomanisye. Ya mwaka 1961 waiita njaa ya Atta, kwa ule unga wa msaada waliogawiwa. Na moja katika miaka ya 1980 waliipa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa hali nimeshika. Yaani mtu ana pesa mkononi na chakula hakipo cha kununua. Tulipolieleza jina hili darsani watu walinyamaza. Kwani hoja zote za posho zasimama juu ya dhana kwamba mwenye pesa ana chakula. Mjini ni kweli, siku zote twaona maduka yamejaa. Lakini katika nchi ambayo mvua imekatika na njia ni mbaya na lori la mahindi halikufika, pesa huwa karatasi, au bei hupanda mpaka elfu mbili ikawa gunia la mahindi limekuwa ndoto. Kwa hiyo posho yahitaji kitu kingine nyuma yake: maji, njia, ghala, soko. Khalifa Umar bin al-Khattab, katika mwaka wa Ramada, Bara Arabu ilipokauka, hakutosheka kugawa dirhamu. Wanahistoria wameandika kwamba alimtaka Amr bin al-As alete chakula chenyewe kutoka Misri, na kwamba mwaka ule aliakhirisha kukusanya zaka kwa waliopatwa na ukame. Alijua kuwa mtu hali dirhamu.

Hapa ndipo tunapoirejea ile tafauti ya Kitui na Makueni. Hatudai kuwa twajua sababu zake zote. Ardhi ya Makueni sehemu zake nyingi iko karibu zaidi na njia kuu na reli na masoko, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Lakini tumependezwa na mambo mawili. Mwaka 2016 sirikali ya kaunti ya Makueni ilianzisha matibabu ya pamoja, kila nyumba ikitoa shilingi 500 kwa mwaka, na wazee wa zaidi ya miaka 65 wakitibiwa bure. Na mwaka 2017 kiwanda cha kusindika maembe kilifunguliwa Kalamba, ili mkulima asilazimike kumwuzia mchuuzi kwa bei ya kuokoa yasioze. Ugonjwa mmoja hospitalini humaliza ng'ombe wa nyumba nzima. Basi mwenye kumwondolea mtu gharama ya ugonjwa amemlindia ng'ombe wake, na ng'ombe ni ile rasilmali aliyoitaja Imam Nawawi. Katika Kitui na Makueni pia, kama ilivyokuwa Kwale na Kilifi, Shirika la Chakula Duniani limewalipa watu pesa kwa kuchimba mitaro na mabwawa katika mashamba yao wenyewe. Huo ni mwendo mzuri: tumbo hupata leo, na shamba hubaki na kitu. Lakini haumfai bibi mwenye miaka 80. Kila mmoja ana dawa yake, na kosa la wengi wetu ni kutafuta dawa moja kwa wote.

Limebaki neno la mwisho, lile la kwamba Sirikali imetuchukulia mzigo. Hili lina ladha tamu, kwani laupa moyo ruhusa ya kufunga mfuko. Zaka yetu ina wenyewe, nayo katika madhehebu yetu haitoki mjini hali mjini mna wanaoistahiki, na Mombasa wamo. Lakini sadaka haina mpaka huo wala haiulizi dini. Abu Yusuf amesimulia katika Kitab al-Kharaj kisa cha Umar na mzee wa Kiyahudi aliyekuwa akiomba, na jinsi alivyomfungulia Bait al-Mal. Nasi huko Makindu, kando ya njia tuipitayo, twalijua hekalu la Makalasinga liwapalo wasafiri wote chakula na malazi bila ya malipo. Wangapi katika sisi wamekula pale? Na sisi tumejenga nini kando ya njia ile kwa ajili ya mpita njia wa dini nyengine? Twaliuliza swali hili bila ya kuwa na jawabu la kujivunia.

Lakini mwenzetu mmoja mnyamavu, ambaye hakusema neno tangu mwanzo, alituambia tuache sadaka kwanza, tuangalie mshahara. Yule msichana afuaye nguo zetu na kuwabeba watoto wetu, alisema, ametoka Mutomo au Mwingi. Nyanya yake ndiye apokeaye zile elfu mbili. Sisi twampa mshahara mdogo kwa kuwa twajua hana mtoto wa kumlisha hapa, mtoto wake yuko kwa nyanya. Basi ni nani anayemlisha mtoto huyo? Ni posho. Kwa hiyo posho ya Sirikali, sehemu yake, yatusaidia sisi tulipe kidogo. Agizo la Sirikali la mwaka 2024 liliweka kuwa mtumishi wa nyumbani katika mji kama Mombasa asilipwe chini ya shilingi 16,113 na senti zake kwa mwezi. Akatutazama mmoja mmoja. Hatukuona haja ya kuulizana nani alipa kiasi hicho.

Wapo waliojitetea kwamba msichana hula na kulala kwao, na kwamba biashara ni mbaya, na wao wenyewe hawana pensheni. Udhuru huu si wa uwongo wote. Wako katika sisi ambao mishahara yao haizidi sana ile ya agizo. Lakini mwenye udhuru huo hawezi tena kusema kuwa watu wa Kitui ni wavivu, maana uvivu wao ndio unaomfulia kanzu.

Yule mfanyaji biashara, aliyeanza maneno yote haya, alichomoa kalamu akaandika nyuma ya risiti kiasi amlipacho mchukuzi wake wa Mwingi tangu mwaka juzi, na kiasi ambacho angemlipa kwa agizo, akatoa kimoja katika kingine. Kisha akamwuliza mwalimu: hiki kilichobakia, nikimpa sasa, nikiandike katika daftari ya sadaka au ya madeni? Mwalimu alimwambia arudi Alhamisi na hisabu iliyokamilika, ya wachukuzi wote watatu.